Kuta za Mtaa wa Simama

Nchi ni nyingi kuliko miguu, ndiyo sababu watu wengine huzeekea njiani. Mzee Ligomba alikuwa mmoja wao. Kusoma alisoma kwa vipande: herufi alifundishwa na fundi cherehani, hesabu akaziokota sokoni, na dini akaisikiliza akiwa nje ya dirisha la chuo. Jinsi alivyofika nchi ya Vizingiti si hadithi. Alitembea, akafika.

Alipokaribia mji wa Kitasani, alichokiona kwanza ni milango. Uwanja mzima ulijaa milango iliyosimama wima kwenye fremu zake, mbao safi za mninga zenye nakshi, vitasa vya shaba vinang'aa. Nyuma ya milango hapakuwa na ukuta wala paa. Palikuwa na jamvi, mafiga, sufuria iliyofunikwa, na watu wakiendelea na shughuli zao.

Mzee alikuwa na kiu. Akamwona mwanamke anachambua mchele, akauzunguka mlango wake, akamwendea moja kwa moja. Yule mwanamke akaruka, ungo ukamwagika.

"We mzee! Unapita ukutani kama jini?"

"Ukuta gani, mama?"

"Huo uliotoka kuukanyaga! Rudi nje upesi, majirani wanatazama."

Kweli walikuwa wanatazama. Mzee Ligomba akarudi, akasimama mbele ya mlango, akajikohoza.

"Hodi!"

"Nani?" akauliza yule mwanamke, na walikuwa wanaonana mpaka kope.

"Mgeni. Mpita njia."

"Ngoja nifungue." Akatafuta ufunguo kwenye pindo la khanga, akazungusha kitasa, akafungua. Uso wake sasa ulikuwa mwingine kabisa. "Karibu, baba, karibu ndani! Pole na safari. Viatu acha hapo."

Mzee akavua ndala, akatoka kwenye udongo akaingia kwenye udongo.

Mwanamke yule aliitwa Bi Zuhena. Mumewe, Ngwali, alikuwa amelala ubavu juu ya jamvi, mwembamba, amejifunika shuka mbili wakati wa jua. Alikuwa na kikohozi kilichokuja kwa mafungu, kama mtu anayesogeza kabati ndani ya kifua. Lakini ulimi wake ulikuwa mzima, na mgeni alipokwisha kunywa maji na kuwekewa wali, Ngwali ndiye aliyemweleza.

"Zamani sisi hatukuwa na kitu. Mji ukaenda kwa Dola, ukasema, watu wetu hawana nyumba, tusaidieni. Dola ikakaa kikao. Wenye miwani wakaulizana, nyumba ni nini hasa? Mmoja akasema, nyumba ni pale mtu anapopigiwa hodi. Wakampigia makofi. Na hodi hupigwa wapi?"

"Mlangoni," akasema Mzee Ligomba.

"Umeona? Hata wewe ungefaa kukaa kikaoni. Basi wakatuletea milango."

"Na kuta?"

"Kuta hazikutajwa na mtu."

"Usisahau kusema walikuja na ngoma," Bi Zuhena akadakia.

"Walikuja na ngoma. Kila mmoja akapewa ufunguo, akapigwa picha. Tangu siku ile, katika vitabu vya Dola, Kitasani hakuna asiye na nyumba. Tupo wenye milango."

Mzee alisubiri mtu acheke ili naye acheke. Hakuna aliyecheka. Aliambiwa, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba yupo afisa anayepita kila mwezi kusikiliza bawaba, na mlango ukilia, mwenyewe hutozwa faini kwa kutoitunza nyumba yake. Aliambiwa juu ya jirani aliyeibiwa sufuria. Polisi walikuja, wakakagua kitasa, wakakikuta kizima, wakaandika kwamba hakuna aliyeingia, kwa hiyo sufuria ilitoka yenyewe.

Jioni ile, kabla jua halijazama, wingu lilijikusanya. Mtu mmoja akapiga makofi na mtaa wote ukaacha ulichokuwa ukifanya. Watu wakabeba majamvi na maturubai, wakasimama duara bega kwa bega, migongo yao kwenye mvua, mikono juu imeshika pembe za turubai. Katikati wakakalishwa watoto, vikongwe, wagonjwa, na mgeni. Waliita zamu ya ukuta. Mtaa wenyewe uliitwa Simama, na sasa Mzee akaelewa kwa nini.

Alitaka kuinuka naye ashike. Bi Zuhena akamrudisha chini kwa kiwiko, maana mikono yake ilikuwa juu. "Kaa, baba. Mgeni hawi ukuta."

Akakaa. Alikuwa amelala chini ya bati na chini ya vigae, alikuwa amelala ndani ya mabomba ya mtaro, na hakuwahi kukaa mahali pakavu namna ile huku akiona maji yanavyowatiririka waliompa ukavu huo. Kando yake Ngwali alikuwa anatazama vidole vya miguu yake.

"Mimi wamenitoa zamu," Ngwali akasema. "Masika yaliyopita kaka yangu alikuwa ukuta wa mashariki. Mvua haikukatika, naye hakushusha mikono. Tulimzika jua halijatoka. Mimi nilikuwa kando yake, ndiyo hiki kifua. Mganga wa zahanati amesema masika haya nisiguswe na maji. Nikinyeshewa, wasihangaike kumwita yeye, wamwite seremala."

Ngwali alisema hivyo kama mtu anayetaja bei ya vitunguu. Lakini kumbikumbi walikuwa wameshaanza kutoka ardhini, na kila mtu pale alijua maana yake. Masika yalikuwa mlangoni, na Ngwali hakuwa na kitu kingine zaidi ya huo mlango.

Asubuhi Mzee Ligomba akafunga kifurushi chake, akasema ahsante, akageuka aende zake. Mtaa mzima ukaguna.

"Ahsante moja?" Ngwali akauliza. "Mzee, huko kwenu shukrani ni ya mgao?"

Ndipo alipofundishwa desturi. Katika nchi ya Vizingiti mgeni anayeondoka huishukuru nyumba kipande kwa kipande, kwa sauti, kuanzia mlango mpaka chungu. Na mtu anaposhukuru hakatizwi, awe hakimu, awe askari, awe nani. Mzee alikuwa bado kwenye kitasa, anatafuta maneno, alipotokea Meya wa Kitasani, Mheshimiwa Tandala, anakuja mbio na tai ya shingoni imemkaa begani.

Meya huyu alikuwa amekwenda Makao Makuu ya Dola kuomba kuta mara nyingi mno, hata walinzi wa lango walikuwa wanamwita shemeji. Safari hii Dola ilikubali kutuma mkaguzi. Ila ilitaka shahidi. Na sheria ya ushahidi ya nchi ile ni hii: mwenye shida hashuhudii shida yake, kwa kuwa ana maslahi, jirani yake hashuhudii, kwa kuwa ana huruma, afisa wa mji hashuhudii, kwa kuwa ana mshahara. Anayebaki ni mpita njia.

Meya akamshika Mzee Ligomba mkono kwa mikono miwili. "Mzee wangu, umeletwa na Mungu."

"Nimeletwa na miguu, Mheshimiwa. Ila aliyenipa ni Yeye."

"Kesho useme ulichokiona, basi. Na ninyi, ndugu zangu," akawageukia watu wa mtaa, "kesho msifanye kitu. Mkisikia mvua, tulieni. Alowe mkaguzi, mlowe ninyi, wote mlowe. Akiondoka hapa meno yanagongana, kuta tumepata."

Bi Zuhena akakunja khanga yake upya, taratibu.

"Mheshimiwa. Unasema mgeni aingie mlangoni mwangu, halafu alowe?"

"Siku moja tu, Bi Zuhena."

"Na watu wakiniuliza niseme nini? Mgeni wa Zuhena alinyeshewa kama mbuzi?"

"Mbuzi huwekewa banda," sauti ikatoka nyuma.

"Lakini ndiyo hali yenu!" Meya akalia. "Mimi siwaambii mdanganye. Nawaambia msidanganye!"

"Kuta tumezoea kukosa," Ngwali akasema toka kwenye jamvi. "Na haya mbele ya mgeni tukiikosa, tutabaki na nini, Mheshimiwa? Na milango?"

Meya akashika kichwa, akaondoka kama alivyokuja. Bi Zuhena akamvuta Mzee Ligomba pembeni, yaani akampitisha mlangoni kwanza, akafunga, kisha akasema kwa sauti ya chini.

"Baba, sikukatazi kusema. Mume wangu ndiye huyo, unamwona. Lakini ukisimama mbele ya mgeni ukasema Zuhena hana, mimi nitatangulia kufa kwa aibu kabla yake. Sijui utafanyaje. Mimi mwenyewe sijui."

Mzee akatikisa kichwa. Maisha yake yote alikuwa amekula vya watu na kulipa kwa habari za njiani. Sasa alidaiwa habari moja tu, na habari hiyo ndiyo ingemvua nguo aliyemlisha.

Kesho yake mkaguzi akaja. Aliitwa Bi Pendaeli, mwanamke mnene, mchangamfu, mwenye mwavuli mkubwa mweusi na Sheria yote kichwani. Hakuwa mtu mbaya, na hilo Mzee Ligomba aliliona mara moja kwa namna alivyopangusa miguu kabla ya kupiga hodi. Mbingu ilikuwa imenuna. Bi Zuhena akafungua, na mara matone yakaanza.

Lakini mtaa wa Simama ulikuwa umejiandaa. Kila khanga nzuri iliyokuwa imefichwa kwa ajili ya arusi na matanga ilikuwa imetolewa, ikaning'inizwa kuzunguka jamvi kama mapazia, na nyuma ya khanga walisimama watu, bega kwa bega, wamebeba maturubai juu ya vichwa. Ukiwa ndani ungesema ni sebule ya tajiri. Tatizo, chumba kilihitajika kikubwa: palikuwa na mkaguzi, palikuwa na Meya, palikuwa na sinia. Watu hawakutosha. Kona ya mashariki ilibaki wazi.

Ngwali akajiinua.

"We! Kaa chini!" Bi Zuhena akamnong'oneza, sinia mkononi.

"Kona ina tundu, mke wangu. Mgeni atalowa bega." Naye akapita nyuma ya khanga, mvua ikampokea.

Bi Zuhena hakuweza kupiga kelele mbele ya mgeni. Aliweka sinia chini, akatabasamu, akamnawisha mgeni.

Bi Pendaeli alikula kwa moyo. Kila tonge lake lilikuwa na safari ndefu. "Chumba kizuri hiki," akasema. "Na kina joto! Makao Makuu tunatetemeka ofisini." Akaegemea. "Ukuta laini, jamani."

"Wa kienyeji," Bi Zuhena akajibu.

Meya hakula. Macho yake yalikuwa kwa Mzee Ligomba, yanaomba kama ya mtoto mbele ya sindano. Mkaguzi akalamba kidole, akasoma kutoka kichwani.

"Sheria ya Kuta, ibara ya kwanza: ukuta ni chochote kinachosimama kati ya mvua na aliye ndani. Mimi niko ndani. Mvua iko nje. Kwa hiyo naona kuta, tena imara. Mheshimiwa Meya, kwa nini mnaomba kuta penye kuta? Mama, naomba mchuzi kidogo."

Hapo ukuta ukakohoa.

Tonge la mkaguzi likasimama hewani. "Nini hiyo?"

"Nyumba, bibi," Bi Zuhena akasema. "Ikipata mvua hulialia."

Ukuta ukakohoa tena, safari hii kwa muda mrefu, na mwishoni ukavuta pumzi kama msumeno. Meya akafumba macho. Mzee Ligomba akaweka tonge lake chini, akanawa, akasimama.

"Mimi ni mpita njia," akasema, "na nataka kuondoka. Naomba nishukuru."

"Shukuru, mzee wangu," mkaguzi akajibu, kwa kuwa hakuna jibu jingine nchi ile.

"Ahsante, mlango, uliyenifundisha adabu uzeeni. Ahsante, jamvi. Ahsante, chungu, sikukuona mtupu hata siku moja. Nyumba hii haikupungukiwa na kitu tangu nilipoingia." Bi Zuhena akainua uso. "Sasa nakushukuru wewe, ukuta wa kusini, muuza maandazi, ambaye juzi vidole vilikufa ganzi ukasema ni usingizi tu. Ahsante, ukuta wa magharibi, fundi baiskeli, mwenye mguu mfupi unaosimamia tofali ili turubai lisilale upande. Ahsante, ukuta wa kaskazini, mama na binti, mnaobadilishana mkono mmoja mmoja ili tusijue kama mmechoka. Na wewe, kona ya mashariki, Ngwali, uliyeambiwa usiguswe na maji masika haya, umesimama kwenye maji ili bega la mgeni lisilowe. Nimelala nyumba nyingi. Nimekutana na kuta zilizonibana, na kuta zilizonisikiliza kwa siri. Sijapata kukutana na ukuta uliokubali kufa kwa ajili yangu. Nashukuru sana. Sina cha kulalamika juu ya nyumba hii, ila kwamba kuta zake zinaumwa."

Bi Zuhena alikuwa amejifunika uso kwa khanga, na mabega yake yanacheza.

Bi Pendaeli akainuka. Akaenda kona ya mashariki, akainua khanga kwa vidole viwili. Ngwali alikuwa pale, mikono juu, maji yanamtoka kidevuni.

"Samahani kwa kelele, bibi," Ngwali akasema.

Mkaguzi alifungua mwavuli wake, akatoka nje, akausimamisha juu ya kichwa cha yule mtu, na yeye mwenyewe akabaki nje yake. Kwa muda ule Dola nayo ilikuwa ukuta. Lakini Sheria ilikuwa bado kichwani mwake, haikulowa.

"Sheria haisemi kwamba ukuta usipumue," akasema polepole, kama anayetafuta ufunguo gizani. "Kuta zipo. Siwezi kuandika kwamba hazipo."

Meya alikuwa amekwisha kutoka nje, yumo mvuani. Miaka yote alikuwa amebishana na Dola; leo, kwa mara ya kwanza, akaacha ubishi.

"Nakubali, kuta zipo. Je, Sheria inasemaje juu ya kuta mbovu?"

Bi Pendaeli akamgeukia, na uso wake ukaanza kufunguka. "Ukuta wenye ufa, unyevu, au sauti isiyo ya kawaida hukarabatiwa kwa fungu la Dola. Haraka. Kabla ya masika."

"Hizi zina unyevu?"

Mkaguzi akashika shati la Ngwali, akalikamua. "Zina unyevu."

"Zina sauti isiyo ya kawaida?"

Ngwali alikuwa anajizuia kwa heshima. Akaacha kujizuia.

"Zina," mkaguzi akasema.

"Na ukarabati ukishindikana?"

"Hubadilishwa kwa matofali."

"Na zile kuta za zamani zinazotolewa?"

"Ni mali ya mwenye mlango." Bi Pendaeli akamtazama Ngwali. "Hutakiwa zihifadhiwe ndani. Mahali pakavu."

Ndivyo Kitasani ilivyopata fungu. Makao Makuu walijadiliana kidogo, kwa kuwa mmoja wa wenye miwani aliuliza kama ukuta unaokohoa utahitaji mganga au mwashi, lakini wakaafikiana kwamba mwashi ana haraka zaidi. Katika vitabu vya Dola hakuna mahali palipoandikwa kwamba watu wa Simama walijengewa nyumba. Imeandikwa kwamba kuta zilizochakaa zilibadilishwa. Bati nazo zilikuja, zimeombwa na mkaguzi mwenyewe, kwa jina la kofia za kuta, maana kuna ibara inayokataza ukuta kuachwa kichwa wazi. Saruji ilichelewa, misumari ikaja ya aina isiyofaa, na Meya akakonda kupita alivyokuwa. Mtaa ukabeba matofali kwa kupokezana. Mzee Ligomba, ambaye hakuwahi kumaliza mwezi mahali pamoja, alibaki akichanganya udongo, na alipoulizwa lini anaondoka alisema bado anashukuru, hajafika hata kwenye paa.

Chumba cha Bi Zuhena kilikamilika siku chache kabla ya mvua kubwa. Ilipokuja, ilikuja mchana, na majirani ambao vyumba vyao vilikuwa bado nusu walikuwa wamejaa humo ndani pamoja na watoto wao. Tone la kwanza likagonga bati. Hakuna aliyepiga makofi. Lakini watu wakainuka, wote, wakasogea kandokando ya chumba, bega kwa bega, wakainua mikono juu, haikushika kitu.

Mvua ikaunguruma juu yao. Wakasubiri maji. Maji hayakuja. Wakaangaliana, na muuza maandazi akaanza kucheka kwa chini, halafu fundi baiskeli, wakashusha mikono mmoja baada ya mwingine, hawajui pa kuiweka. Ngwali alikuwa kwenye kona ya mashariki, kifua kikavu, vidole vimenyooka mpaka karibu na bati.

"Shusha mikono, mume wangu," Bi Zuhena akamwambia. "Ukuta upo."

Yeye mwenyewe, mikono yake ilikuwa bado juu.